Mpira kwenye Mkono wa Mwalimu

Mumbua Mutisya ana mdomo. Heri tuliseme hilo mapema, maana ukifika katika ile hospitali ndogo nje kidogo ya Mutomo utaambiwa tu. Mpelekee mkojo ndani ya chupa ya soda ambayo hata hukuisuuza, utajua hujui. Au uje kupimwa damu ukiwa na njaa na kiu tangu jana mchana, kwa sababu jirani alikuambia damu hupimwa tumbo likiwa tupu. Atakuuliza mbele ya foleni nzima, "Na huyo jirani yako alisomea maabara wapi?" Kisha atakuchotea maji kwa kikombe chake mwenyewe na kukusimamia mpaka uyamalize. Ndivyo alivyo. Miaka ishirini na tisa anapima damu za watu wa Kitui, kutoka Nuu mpaka Mutomo, na hajawahi kumpa daktari jibu ambalo yeye mwenyewe haliamini.

Siku aliyovunja sheria yake mwenyewe ilikuwa Jumanne, mwendo wa saa tatu asubuhi, na mkono uliokuwa mbele yake ulikuwa wa Mwalimu Eunice.

Huyu Mwalimu Eunice ndiye aliyemfundisha Mumbua hesabu na sayansi kule Matinyani, miaka ya themanini. Mwalimu wa ajabu kweli. Hakuwa na alama ya kosa. Ukikosa, alikuandikia neno moja kwa kalamu nyekundu: Rudia. Ukipata, alikuandikia vilevile: Rudia. Watoto walikuwa wanalia! Mtoto amepima maji kwenye chupa, amepiga hesabu, amepata jibu sawasawa, halafu anaambiwa amwage aanze upya. "Ukipata mara moja, labda ni bahati," Mwalimu alikuwa akisema. "Nipatie tena ndipo nitakuamini." Na ukipata tena hakukusifu, alisema tu, "Mm," akaenda kwa dawati lingine. Watoto wa darasa lile waliipigania hiyo "Mm" kuliko peremende.

Mumbua alipomaliza shule ya msingi, ile njaa ya themanini na nne ilikuwa imepita lakini boma lao lilikuwa halijapona. Baba yake, Mzee Mutisya, akaamua kwamba binti atakaa nyumbani na mbuzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na akishasema kitu amesema. Siku ya pili yake jioni Mwalimu Eunice akaingia bomani na rundo la madaftari, akaomba kiti, akaketi, akaanza kusahihisha. Hakubishana na mtu. Kila alipofika kwenye daftari la zamani la Mumbua alilisukuma mbele ya mzee na kumwambia, "Hesabu mwenyewe, zile sawa ni ngapi?" Giza lilipoanza kuingia akaenda zake. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu Mzee Mutisya alipomwona anatokea kwenye njia na madaftari yake, alisimama, akarusha mikono juu. "Mchukue! Mchukue uende naye, uniachie kiti changu!"

Hivyo ndivyo Mumbua alivyoingia sekondari, na hatimaye maabara. Na hakuwahi kusema asante. Mwanzoni alikuwa mtoto, na mtoto hajui hata kwamba kuna kitu cha kushukuria. Baadaye Mwalimu alihamishwa, akastaafu, akarudi kwake upande wa Mutomo. Miaka minne iliyopita Mumbua naye akahamia Mutomo kikazi, akaambiwa Mwalimu wake anakaa kilomita nane tu kutoka hapo. Wueh! Alifurahi. Akasema wiki ijayo ataenda kumsalimia na sukari na majani. Wiki ijayo ikawa baada ya Krismasi, ikawa baada ya mvua, na sasa wewe niambie kama huna wiki ijayo ya namna hiyo kwako nyumbani.

Basi Jumanne hiyo akaliona jina kwenye fomu. Kuinua macho, mbele yake amesimama mama wa miaka sabini na moja, amekonda, mkono wa kushoto umefungwa plasta, ameshikiliwa na mwanawe, mwanamume wa makamo aitwaye Musyimi.

"Mwalimu!" Mumbua akaruka kutoka kwenye kiti. "Mwalimu, ni mimi! Mumbua wa Matinyani! Mumbua wa Mutisya!"

Yule mama alimtazama kwa heshima, jinsi unavyomtazama mtu uliyekutana naye ofisini kwa mara ya kwanza. "Asante, daktari," akasema. "Na wewe unaitwa nani?"

Mumbua alivuta kiti karibu. Akamketisha, akamfunga ule mpira wa kubana mkono juu ya kiwiko, akaanza kutafuta mshipa. Mshipa haukuonekana, mkono ulikuwa mkavu. Huku anaupapasa alikuwa anaongea, na hakuweza kunyamaza. "Mwalimu, unakumbuka zile chupa za maji? Unakumbuka baba yangu? Ulikaa bomani siku tatu. Kile kiti, Mwalimu!" Mwalimu alikuwa anatabasamu tu, tabasamu la adabu ambalo ndani yake hamna mtu. "Kunja ngumi, Mwalimu. Kunja tena. Unamkumbuka baba?" Mpaka damu inatoka, mpira ulikuwa umekaa mkononi dakika sita. Na huyu ndiye mwanamke anayewagombeza wanafunzi wa mazoezi wakipitisha dakika moja.

Musyimi alimweleza mengine pale pale mlangoni, kwa sauti ya chini. "Auntie, amekuwa hivi mwaka mzima. Anauliza kitu kimoja mara kumi. Mifupa inamuuma, anakunywa maji kama ng'ombe na bado ana kiu, na mawe ya figo yamemshika mara mbili. Huku wanasema ni haya maji yetu ya chumvi. Juzi ameinua mtungi wa lita tano tu, kifundo cha mkono kikavunjika. Mwezi uliopita alienda dukani akapotea njia, na njia yenyewe ni moja!" Akajifuta uso. "Watu wote wanasema ni uzee. Jumamosi nampeleka Nairobi kwa dada yangu, akae tu pale sebuleni. Nyumba nitaifunga."

Akae tu. Neno hilo lilimchoma Mumbua. Mwanamke aliyekaa siku tatu kwa kiti cha watu kwa sababu ya mtoto ambaye si wake, leo anapelekwa kukaa tu.

Daktari Mugo, kijana kutoka Nyeri aliyekuwa zamu siku hiyo, alikuwa ameagiza figo zipimwe, basi. Mumbua akazipima. Halafu akasimama mbele ya mashine akijiuliza: mawe ya figo, mfupa uliovunjika bila sababu, kiu, kusahau. Dawa ya kupimia kalsiamu ilikuwa imebaki kidogo chini ya chupa, na hakuna aliyemtuma. Akapima. Mashine ikaandika tatu nukta moja, na mtu mzima hatakiwi kupita mbili nukta sita. Kalsiamu, yale madini ya mifupa, ilikuwa imejaa kwenye damu ya Mwalimu kupita kiasi, na kalsiamu ikijaa hivyo huleta mambo yote aliyoyataja Musyimi, moja baada ya lingine, hata huko kusahau. Mumbua alipiga makofi peke yake mle ndani. Si uzee! Huenda si uzee!

Alikimbia na karatasi mpaka kwa Daktari Mugo. Mugo akaisoma, akainua nyusi.

"Madam, hii iko juu kweli. Mpira ulikaa muda gani?"

Ebu ona mambo. Swali hilo ni Mumbua mwenyewe aliyemfundisha, mwaka jana, tena kwa kumgombeza. Mpira ukikaa sana, maji ya damu hupenya yakatoka nje ya mshipa, na kinachobaki kinakolea, kama chai iliyosahauliwa juu ya jiko. Kalsiamu huonekana nyingi na kumbe si nyingi. Angesema dakika moja, nani angejua? Mugo alikuwa ameshashika kalamu.

"Dakika sita," akasema.

"Sita?"

"Sita, Daktari. Nilikuwa naongea. Na tena hajanywa maji tangu jana, aliambiwa aje tumbo tupu."

Mugo akaweka kalamu chini taratibu. "Basi hapa hatujui kitu, Madam." Hakusema kwa ubaya. Mumbua aliirudisha ile karatasi maabara akiwa na aibu mpaka masikioni, akaketi. Miaka ishirini na tisa, halafu mkono aliouharibu ni ule. Akachukua kalamu nyekundu ya kuandikia rejista, akaandika juu ya jibu lake mwenyewe: Rudia.

Jioni akampigia Musyimi simu, akakiri zile dakika sita. Mama anywe maji, usiku na asubuhi, na kama yupo jirani wa kusema la tumbo tupu apewe simu aongee na Mumbua. Jumatano mapema akapanda pikipiki na vifaa vyake mpaka nyumbani kwa Mwalimu. Alimlaza kitandani nusu saa nzima, bila maneno. Akaupasha mkono joto kwa kitambaa kilichochovywa maji moto, akautafuta mshipa kwa ncha za vidole, akachoma bila mpira kabisa. Akajaza chupa mbili, moja ya kalsiamu na moja akaiweka kando.

"Una mkono mwepesi, daktari," Mwalimu akamwambia. "Watoto wangu wa shule wangekuogopa, lakini una mkono mwepesi." Mumbua alijibu "Asante, Mwalimu," akageuka upesi kuangalia ukutani.

Na huko ukutani akaona rafu. Juu ya rafu kulikuwa na makopo matatu ya tembe za kalsiamu, kila moja la kampuni yake, na chini yake sufuria ya supu ya mifupa na chupa ya maziwa.

"Ni kina mama wa kanisa," Musyimi akasema kwa fahari. "Auntie, hao watu wamemtunza! Walisikia mifupa inamuuma, wakachanga, wakanunua dawa ya mifupa. Kila mtu akaleta yake. Mimi mwenyewe humpa asubuhi, mchana na jioni, sijakosa hata siku moja."

Jamani. Mumbua alifungua mdomo wake, ule tunaoujua sote, kisha akaufunga. Alifikiria wale kina mama wakitembea na makopo yao kwenye jua lile. Mtu anafurika madini, na watu wanaompenda wanamwongezea kwa kijiko, na hakuna hata mmoja wao mwenye nia mbaya. "Mmefanya vizuri kumtunza," akasema. "Lakini hizi tembe zisimame leo hii. Maziwa kikombe kimoja sawa. Daktari atawaeleza."

Saa tano alikuwa mbele ya mashine. Tatu nukta tatu. Bila mpira, tena na maji tumboni. Akapima mara ya pili, tatu nukta tatu. Safari hii hakukimbia. Alitembea mpaka kwa Mugo, akaiweka karatasi mezani, na Mugo aliposoma alisimama.

"Basi si mpira," Mugo akasema.

"Na tembe nazo zinaweza kupandisha kidogo," Mumbua akasema, "lakini mawe ya figo yalikuja kabla ya tembe. Nimemuuliza mwanawe."

Ilibaki kujua nani anaitoa hiyo kalsiamu mifupani. Shingoni mwa kila mtu, nyuma ya tezi ile ambayo ikivimba watu huita goita, kuna vitezi vinne vidogo, kila kimoja kama punje ya ndengu. Kazi yao ni kutoa homoni inayoiambia mifupa itoe kalsiamu damu ikipungukiwa. Kalsiamu ikijaa, vinatakiwa vinyamaze. Kwa hiyo ukipima homoni yenyewe ukute iko juu na kalsiamu iko juu, umemshika mwizi. Lakini mashine ya kupima homoni haikuwepo pale. Damu ilipaswa kufika kwenye kituo cha kupokelea sampuli kule Kibwezi, upande wa Makueni, barabara ya Mombasa, itumwe kutoka huko, na ifike ikiwa baridi.

Ndiyo maana ya ile chupa ya pili. Mumbua alikuwa ameshaizungusha kwenye mashine, ametenga maji ya damu juu. Tatizo ni barafu. Vikasha vyote vya chanjo vilikuwa vimeenda vijijini kuchanja watoto mpaka jioni. Wewe ungefanya nini? Mumbua alimwaga chai yake kutoka kwenye themosi yenye mdomo mpana, akavuka barabara mpaka kwa mama anayeuzia watoto wa shule barafu za rangi, akanunua kumi na mbili nyekundu. Akafunga ile chupa kwa kitambaa na mfuko, akaizungushia barafu, akamwomba Mugo ruhusa, akaondoka nayo mwenyewe kwenda Kibwezi, themosi mapajani njia nzima.

Kule kituoni alikuwepo bwana Gikonyo, mtu wa Murang'a aliyehamia Kibwezi zamani akawa mwenyeji. Alifungua themosi, akachungulia.

"Mama, hii ni sampuli ama umeniletea biashara?"

"Pima joto lake kwanza ndipo ucheke."

Gikonyo akapima. Ilikuwa baridi sawasawa. Akacheka vizuri sasa, akaandika, akasema jibu litakuja Ijumaa jioni. "Huyu ni mama yako?" akauliza akiangalia jina. Mumbua alifikiria kidogo. "Ni mwalimu wangu," akasema, akampa Gikonyo barafu mbili kwa shukrani.

Ijumaa yote alikuwa hashikiki. Saa kumi na moja simu ikalia. Homoni ilikuwa mara tatu ya kiwango cha juu kinachotakiwa. Mumbua aliinamisha kichwa juu ya meza ya maabara akasema, "Mungu wangu, asante," akalia kidogo, akanawa uso, akaenda kumwambia Mugo. Mugo akaandika barua ya rufaa jioni ile ile. Kwa hiyo Jumamosi Mwalimu Eunice alienda Nairobi kama ilivyopangwa, ila gari lilipofika jijini halikuelekea sebuleni kwa mtu. Lilienda hospitali.

Wiki tatu baadaye madaktari wa upasuaji walimtoa kitezi kimoja kilichokuwa kimekua mpaka kikawa sawa na njugu mawe. Kalsiamu ikashuka. Mifupa, wakasema, itapona polepole. Kuhusu kumbukumbu hawakuahidi. Pengine itarudi, pengine sehemu yake, na umri nao upo. Musyimi alimpigia Mumbua akamweleza hivyo hivyo, akamshukuru mpaka salio likaisha. Mumbua alifurahi kwa ajili ya mifupa. Lakini usimsingizie, kitu alichokuwa anakingoja hakikuwa mfupa. Alikuwa na neno moja la tangu utotoni, na hakujua kama bado kuna mtu wa kulipokea.

Miezi miwili ikapita. Jumatatu moja, benchi limejaa, yeye ameinama juu ya mashine anamgombeza mtu kuhusu chupa ya soda, sauti ikaja kutoka mwisho wa foleni.

"Mumbua Mutisya!"

Mwili ulisimama kabla ya akili. "Niko!" akaitika, mama wa miaka hamsini na tatu, mikono imenyooka ubavuni. Benchi zima likageuka kumtazama.

Mwalimu Eunice alikuja mpaka dirishani bila kushikwa na mtu. Plasta haikuwepo tena. Shingoni kulikuwa na kovu jembamba, na mkononi kiondo.

"Nimeambiwa ulinifunga mpira dakika sita."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na daktari alipouliza?"

"Nilimwambia ni sita."

"Mm," akasema Mwalimu.

Wenzake wanasema Mumbua aliushika ukingo wa meza. Kisha Mwalimu akaingia, akaketi, akakunja mkono wa nguo, maana alikuwa ameletwa kupimwa tena. Mpira ulifungwa na kufunguliwa hata dakika haijaisha. Mashine ikazunguka, ikafikiri, ikaandika mbili nukta tatu. Sawa kabisa. Mumbua alipima tena bila kuambiwa, ikaja ileile, akamwekea Mwalimu karatasi mbele akiwa ameinamisha macho kwenye trei ya sindano.

"Mwalimu," akasema, na sauti ilikuwa imekuwa ndogo sana kwa mwanamke mwenye mdomo ule. "Kuna kitu sikukuambia. Zile siku ulikuja kwa baba. Sikuwahi kukuambia asante."

Mwalimu Eunice akacheka. "Baba yako! Kile kiti chake kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Siku tatu nilikaa upande, mgongo uliniuma mwezi mzima." Akaikunja karatasi ya majibu, akaitia ndani ya kiondo, akamtazama mwanafunzi wake sawasawa. "Hiyo ya mwisho umeiambia trei. Sikusikia. Rudia."

Mumbua akainua kichwa. "Asante, Mwalimu," akasema, kwa nguvu, mpaka wale wa benchi wakasikia, na yule wa chupa ya soda akaificha chini ya koti.